Mgonjwa Ametoka Wapi? Niliyojifunza Katika Maisha ya Daktari Denis Burkitt

Ndugu zangu mnaoanza mwaka wa utarajali katika wodi za upasuaji, nawaandikia kuhusu mstari mmoja wa faili la mgonjwa, ule wa makazi, ambao wengi wetu humwachia karani wa mapokezi. Nimefanya upasuaji na kufundisha wanafunzi wa udaktari katika Kanda ya Ziwa kwa zaidi ya miaka 20, na kama ningeulizwa ni somo gani ningependa tarajali alipate kabla hata hajaweza kufunga fundo kwa mkono mmoja, ningesema ni hili: mwulize mgonjwa ametoka wapi, uandike jibu kwa mkono wako mwenyewe, na baada ya miezi michache uketi uyasome majibu hayo kwa pamoja. Somo hili sikulibuni mimi. Nililipata kwa kusoma maisha ya Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa takriban miaka 20, ambaye jina lake mmelikariri chuoni kama jina la saratani ya watoto, pengine bila kuambiwa kwamba alikuwa mtu wa kisu na kwamba alifundisha Makerere.

Alizaliwa Februari 28, 1911, karibu na mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa kaunti, na muda wake wa mapumziko aliutumia kuwavisha ndege wadogo pete miguuni na kuchora ramani za maeneo ambayo kila ndege aliyalinda kama yake. Nalitaja jambo hili kwa sababu mtoto aliyekulia katika nyumba ambamo baba anachora ramani za ndege haishangazi akiwa mtu mzima anachora ramani za magonjwa. Akiwa na umri wa miaka 11 alipigwa jiwe katika ugomvi wa watoto, miwani ikapasuka, akapoteza jicho la kulia. Alianza chuo akisomea uhandisi, akahamia udaktari, akahitimu katika Trinity College, Dublin, mwaka 1935, kisha akapata sifa za upasuaji Edinburgh mwaka 1938. Alipoomba kazi ya tiba katika makoloni ya Afrika alikataliwa kwa sababu ya jicho lile. Vita vikuu vya pili ndivyo vilivyomleta huku, akiwa daktari wa jeshi la Uingereza nchini Kenya na Somalia, na mwaka 1946 hatimaye akapangiwa Lira, kaskazini mwa Uganda.

Hapo Lira ndipo ninapotaka mkae nami kidogo, maana wasimulizi wengi hupita haraka wakikimbilia saratani. Burkitt alikuwa daktari wa wilaya, na kama daktari yeyote wa wilaya katika nchi zetu, alipasua mabusha mengi. Upasuaji wa busha ni kazi ambayo daktari wa upasuaji huifanya bila kufikiri sana. Mgonjwa anaingia asubuhi, maji yanatolewa, mfuko unageuzwa au kukatwa, mshono unafungwa, na anayefuata anaitwa. Hakuna tarajali anayepiga simu nyumbani kusimulia kwamba leo amepasua busha. Lakini yeye aliona kwamba wanaume wale walikuwa wakitoka zaidi upande wa mashariki wa wilaya kuliko upande wa magharibi. Hakuridhika na hisia hiyo. Aliwachunguza wanaume wa pande zote mbili, akahesabu, na hesabu ikathibitisha kwamba tofauti ilikuwa kubwa kweli, tena ilikwenda sambamba na kuenea kwa minyoo ya matende inayosambazwa na mbu. Mtu mmoja, akiwa na kazi ya madaktari watatu, aligeuza upasuaji wa kawaida kabisa kuwa ramani.

Sasa fikirini jambo hili kwa lugha yetu. Sisi tunaozungumza na wagonjwa kwa Kiswahili tuna maswali matatu ambayo yanafanana masikioni lakini majibu yake hayafanani hata kidogo. Ukimwuliza mgonjwa “Umefikia wapi?” atakutajia nyumba ya ndugu aliyempokea mjini. Ukimwuliza “Unakaa wapi?” huenda akakutajia hapo hapo mjini, akidhani ukijua anatoka mbali utamtoza zaidi au utamrudisha akatafute rufaa. Ukimwuliza “Kwenu ni wapi?” mwingine atakutajia kijiji cha babu yake ambacho hajakikanyaga tangu azaliwe, kwa kuwa kwenu ni mahali pa ukoo, si mahali pa kulala. Karani wa mapokezi huuliza swali mojawapo, anavyojisikia, na faili zima hujengwa juu ya jibu hilo. Ninyi ulizeni yote matatu, kisha muulize la nne, ambalo mimi ndilo naliona bora kuliko mengine: “Ugonjwa huu ulipoanza, ulikuwa unalala wapi?” Mama mtu mzima mwulizeni kwa adabu, baada ya shikamoo na habari za safari, wala msiulize mkiwa mmesimama na kalamu hewani kama watu wa sensa. Mkiketi, atawaeleza hadi mto anaochotea maji.

Burkitt alihamia hospitali ya Mulago, Kampala, ambako alikuwa daktari bingwa wa upasuaji na mwalimu wa wanafunzi wa Makerere, chuo ambacho wakati huo ndicho kilichowafundisha madaktari wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Mwaka 1957 mwenzake, daktari wa magonjwa ya ndani Hugh Trowell, alimwita wodini amwone mtoto wa kiume wa miaka mitano aliyevimba uso. Uvimbe ulikuwa kwenye taya zote mbili, juu na chini, kulia na kushoto. Hilo lilimsumbua, kwa kuwa usaha haukai sehemu nne za taya kwa wakati mmoja, na saratani nayo hatukufundishwa kwamba huanza sehemu nne kwa mpigo. Alimpiga mtoto picha, kama ilivyokuwa desturi yake, na hakuwa na jibu la kumpa mama. Baada ya muda si mrefu alikwenda kutembelea hospitali ya Jinja. Akiwa ndani, alichungulia dirishani akamwona mtoto ameketi kwenye nyasi pamoja na mama yake, uso umevimba vilevile. Akatoka, akampima, na safari hii hakuishia usoni; alipapasa tumbo, akakuta uvimbe na humo.

Naomba msome tena sentensi hiyo ya mwisho. Mtoto wa kwanza ni kisa, na kila daktari ana visa vyake. Mtoto wa pili ndiye aliyefanya ugonjwa uanze kuonekana, lakini ulionekana kwa sababu daktari alitoka nje akaweka mkono tumboni kwa mtoto aliyeletwa kwa ajili ya taya. Aliporudi Mulago alianza kufukua mafaili na kumbukumbu za maabara, akakuta kwamba watoto wenye uvimbe wa taya walikuwa pia na uvimbe kwenye figo, ini, mifuko ya mayai au sehemu nyingine, na kwamba madaktari mbalimbali walikuwa wameupa kila uvimbe jina lake kulingana na mahali ulipoonekana kwanza. Mwaka 1958 aliandika makala katika jarida la upasuaji la Uingereza akieleza watoto 38. Yeye aliuita sarakoma, yaani saratani ya tishu kama mifupa na misuli. Wanapatholojia wa Makerere, yaani wachunguzi wa vipande vya mwili maabara, Jack Davies na Gregory O’Conor, ndio waliotambua kwa hadubini kwamba ni limfoma, saratani ya seli za kinga. Hakung’ang’ania jina lake.

Nina sababu yangu ya kusisitiza habari hii, na sioni haya kuieleza. Nikiwa tarajali, katika hospitali ambayo sitaitaja, aliletwa mtoto wa miaka sita ambaye magego yake yalikuwa yanacheza. Mama alisema hivyo hivyo, “Daktari, meno yanacheza, na hajaanguka popote.” Ufizi ulikuwa umevimba kidogo. Niliandika kwamba ni jipu la jino, nikampa dawa ya kuua vijidudu, nikamwambia mama arudi baada ya wiki mbili. Alirudi baada ya wiki tatu, kwa kuwa nauli ilikosekana, na mtoto akiwa jicho moja limesukumwa nje na tumbo limejaa. Limfoma hii ni miongoni mwa uvimbe unaokua kwa kasi kuliko wote unaompata binadamu. Inaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Nilipofungua faili nilikuta nimeandika kwamba anakaa mjini. Mjini ndiko alikofikia, kwa bibi yake. Mtoto alikuwa amekulia kisiwani ziwani na, mama aliponieleza vizuri, alikuwa ameugua malaria mara nyingi asizozihesabu. Umri ule, meno yale, mahali pale: vyote vilikuwa mbele yangu siku ya kwanza. Alipata awamu mbili za tibakemikali, hakuifikia ya tatu. Tangu siku hiyo sijawahi kumpima mtoto mwenye meno yanayolegea bila kupapasa tumbo lake na bila kuuliza lile swali la nne.

Turudi kwa Burkitt. Ugonjwa huu haukuwa mpya alipouona. Daktari Albert Cook, aliyeanzisha hospitali ya Mengo huko Kampala mwaka 1897, alikuwa tayari ameandika katika kumbukumbu zake kuhusu mtoto mwenye uvimbe mkubwa wa taya. Kwa hiyo aliyeonekana alionekana, na kuandikwa akaandikwa, lakini kwa nusu karne hakuna aliyeyaweka maandishi hayo pamoja na kuuliza yanafanana kwa nini. Ndiyo maana nasema kuandika peke yake hakutoshi. Nimeona wodi zenye makabati ya mafaili yaliyoandikwa kwa mwandiko safi ambayo hayajafunguliwa na mtu isipokuwa mchwa.

Kilichofuata ndicho sehemu maarufu. Burkitt alitaka kujua watoto hawa wanatoka wapi Afrika nzima, si Kampala tu. Kwa ruzuku ya pauni chache alichapisha vipeperushi vyenye picha za watoto waliovimba taya, akavituma kwa hospitali za serikali na za misheni, akiomba jibu moja tu: mmewahi kumwona mgonjwa kama huyu? Tazama ustadi wa swali hilo. Daktari wa misheni aliye peke yake porini hana muda wa kujaza kurasa, lakini kutazama picha na kusema ndiyo au hapana anaweza. Majibu yalipokuja, alichoma pini kwenye ramani, na ukatokea ukanda unaokatiza katikati ya Afrika, wenye mkia unaoteremka upande wa mashariki kuelekea Msumbiji.

Mwaka 1961, kuanzia Oktoba, miezi ile ile Tanganyika ilipokuwa ikijiandaa kwa uhuru, aliondoka Kampala na wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, kwa gari kuukuu aina ya Ford. Williams alikuwa daktari wa misheni katika West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na fundi hodari wa magari, na kwa barabara za wakati ule sifa hiyo ya pili haikuwa na thamani ndogo. Walisafiri kilomita zipatazo 16,000 kwa muda wa wiki 10, hadi Afrika Kusini na kurudi, wakaingia hospitali zaidi ya 50. Kila walipofika walitoa picha, wakauliza, wakasikiliza. Lengo lao lilikuwa kuona ukingo wa ugonjwa uko wapi, yaani ni hospitali gani inaujua na jirani yake haiujui.

Waligundua kwamba karibu na ikweta ugonjwa ulitoweka kwenye nyanda zilizo juu ya mita 1,500 hivi, lakini kadiri walivyokwenda kusini, ndivyo kikomo hicho cha mwinuko kilivyoshuka. Alexander Haddow, mtaalamu wa virusi aliyekuwa Entebbe, ndiye aliyefafanua kwamba suala halikuwa mwinuko bali joto: mahali ambapo baridi hushuka chini ya nyuzi 15 au 16 za Selsiasi, au mvua ya mwaka haifiki milimita 500 hivi, ugonjwa haukuonekana. Joto na mvua ni mambo ya mbu. Burkitt alidhani basi kwamba mbu husambaza kirusi kinacholeta saratani hii. Hapo alikosea, na alikubali kubadili mawazo; baadaye ilionekana kwamba mchango wa mbu ni malaria, ambayo humwandama mtoto mara kwa mara hadi kinga yake kuvurugika, ilhali kirusi chenyewe huenezwa kwa mate. Ramani ilikuwa sahihi hata pale maelezo ya kwanza yalipokuwa na kasoro. Tarajali akiniletea ramani nzuri na maelezo mabovu, namshukuru, maana maelezo hurekebishika.

Kirusi hicho nacho kilipatikana kwa njia ambayo nawaomba mwikumbuke kila mnapotaka kumwaga chochote. Machi 22, 1961, Burkitt alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, London, na miongoni mwa waliosikiliza alikuwa Anthony Epstein, mtafiti wa virusi. Wakakubaliana kwamba vipande vya uvimbe vitatumwa kwa ndege kutoka Kampala. Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein hakuona kitu. Kisha, Desemba 1963, ndege moja ilizuiwa na ukungu isitue London, ikapelekwa Manchester, na sampuli ikafika imechelewa, maji yake yakiwa na uvurugu kama ya kitu kilichooza. Mtu mwenye haraka angeitupa. Epstein alichukua tone akaliweka chini ya hadubini, akakuta uvurugu ule si bakteria bali ni seli za uvimbe zilizo hai, zikielea huru. Seli hizo zikakubali kukuzwa maabara, na mwaka 1964, kwa hadubini ya elektroni, yeye na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong wakaona ndani yake kirusi ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Nanyi mnaopeleka vipande maabara, andikeni kwenye chupa saa ya kukata, sehemu kilipokatwa na mahali mgonjwa anapotoka, na mhakikishe fomalini, maji ya kuhifadhia, imekifunika chote. Kipande kilichokauka njiani ni mgonjwa aliyepasuliwa bure.

Kuhusu tiba nitasema kidogo. Burkitt alijaribu kisu kwanza, kama ambavyo ningefanya mimi, na kisu hakikusaidia. Mashine za mionzi hazikuwapo Afrika Mashariki wakati huo. Akaanza kutumia dawa za saratani ambazo wakati ule zilikuwa bado zinajaribiwa, kama methotrekseti na saiklofosfamidi, na baadhi ya watoto walipona kwa dozi chache mno, jambo lililowashangaza wataalamu wa nchi tajiri. Mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Kampala, ambacho ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Daktari wa upasuaji kukiri kwamba ugonjwa huu si wa kisu ni jambo gumu kuliko upasuaji wowote nilioufanya, na nimeshuhudia wakubwa wetu wakikata taya ya mtoto kwa sababu tu wao ni watu wa kukata.

Kuna jambo katika simulizi hii ambalo haliniridhishi, nami sitalificha. Tunayajua majina ya madaktari wa Ireland, Uingereza na Marekani, lakini waliotafsiri maneno ya akina mama kutoka Kilango, Kiganda na Kisoga, wauguzi waliowashika watoto wakati wa picha, na wasaidizi wa maabara waliofunga zile sampuli, majina yao hayamo katika simulizi tunazofundishia. Swali la “umetoka wapi” halikuulizwa na Burkitt peke yake. Liliulizwa kwa vinywa vya watu hao. Mnapoandika kazi zenu, waandikeni wauguzi na wakalimani wenu kwa majina, mbele, si mwishoni kwa herufi ndogo.

Aliondoka Uganda mwaka 1966 akaendelea na kazi London kwa namna ile ile, safari hii akiuliza kwa nini Mulago hakuona sana kidole tumbo na magonjwa ya utumbo mpana yaliyojaza wodi za Uingereza. Jibu lake, kwamba chakula chenye nyuzinyuzi nyingi kinawalinda watu, lilimfanya ajulikane hata kwa wasio madaktari. Sehemu ya hoja hiyo imeendelea kubishaniwa na wataalamu, ila njia ilikuwa ni ile ya Lira. Alifariki Machi 23, 1993.

Sasa kuhusu daftari. Chora safu saba: tarehe, namba ya faili, umri na jinsi, ugonjwa, alikofikia, anakokaa, alikokuwa akilala ugonjwa ulipoanza. Jina la mgonjwa lisiandikwe humo, na daftari lisitoke wodini. Andika wote, wa busha na wa ngiri na wa kuvunjika mguu, si wale tu wenye magonjwa ya ajabu, maana usipowahesabu wa kawaida hutajua wa ajabu ni nani. Kijiji usichokijua, mwombe mgonjwa akuelekeze kana kwamba unakwenda kumtembelea kesho. Atakayeripoti wodini kwangu Jumatatu atapewa daftari na kalamu; ramani ya mkoa ipo ukutani, karibu na mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, na pini zimo kwenye kopo la maziwa lililo juu ya kabati.